Mkuu, usisukume hiyo folda nzima

Simama hapo hapo. Umesema una noti kama mia nne za Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio) kwenye folda moja, unataka kuzipandisha zote kwenye repo ya wazi, yaani ghala la mafaili mtandaoni ambalo yeyote anaweza kulisoma, kisha Hugo, programu inayogeuza noti kuwa kurasa, ikujengee tovuti, na zile za binafsi utaziandikia draft: true ("hii ni rasimu") pale juu ili zisionekane. Halafu ukauliza muonekano upi mzuri, kihariri kipi, na kama kuna haja ya kununua kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, chako mwenyewe.

Sijafika kwenye muonekano. Nimekwama kwenye hiyo draft: true, kwa sababu mimi nilifanya hivyo hivyo, na yaliyonipata simwombei hata adui. Labda adui mmoja hivi.

Sikiliza. Huo mstari unaiambia Hugo kitu kimoja tu: ukurasa huu usiujenge. Git, programu inayotunza mafaili ya repo pamoja na historia yake, haina habari nao. Faili linapanda kwenye repo kama mengine yote, na repo ikiwa ya wazi, mtu anaingia, anafungua folda ya kurasa, anasoma rasimu zako huku amekunja nne. Tovuti yenyewe wala hana haja ya kuigusa.

Aliyenidanganya ni jamaa mmoja wa video. Sauti nzito, taa za zambarau nyuma yake, kipaza sauti kikubwa kuliko kichwa. Kwenye rangi za vitufe alikaa robo saa. Kwenye faragha akasema, "weka draft, umemaliza, hakuna atakayeona," akahamia kwenye aina za herufi. Sehemu ya maoni chini ya video ilikuwa imefungwa, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Basi nikapandisha kila kitu. Ndani kulikuwa na faili linaitwa kazini.md, ambamo kila jioni nilikuwa natoa ya moyoni. Mwenzangu mmoja wa meza ya jirani nilikuwa nimemwandika kwamba ni redio iliyopotelewa na kitufe cha kuzimia. Hiyo ndiyo sentensi ya upole. Chini yake kulikuwa na nusu ya barua ya kuacha kazi. Draft: true juu, nimeiandika vizuri kabisa, na nafasi moja baada ya nukta mbili kama inavyotakiwa.

Miezi mitano ikapita kwa amani. Siku moja katika kujisifu nikampa mtu anwani ya tovuti. Nilimpa nani? Redio mwenyewe. Aliniuliza nimeijengaje, nikaona ni heshima. Sasa, muonekano niliochagua ulikuwa na kiungo chini ya kila ukurasa kimeandikwa "Hariri ukurasa huu", kinakupeleka moja kwa moja kwenye repo. Yule bwana aliona nimekosea herufi mahali, akabonyeza ili anisahihishie. Alikuja kunisaidia, mkuu! Hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo. Akajikuta ndani ya repo, akaona faili linaitwa kazini.md, na wewe ungelipita?

Usiku akanitumia ujumbe: "Noti zako nzuri. Redio imekusikia."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa pili, mbaya kuliko wa kwanza. Nikalifuta faili mbio mbio, nikakomiti, yaani nikaliandikisha badiliko kwenye historia ya Git, na maelezo "kufuta maoni kuhusu watu wa kazini", nikasukuma kwenye repo. Yaani nilisimika kibao barabarani: chimbeni hapa. Maana Git kazi yake ni kukumbuka. Faili ulilolifuta leo liko zima kwenye komiti ya jana, na komiti ya kulifuta inaonyesha kila mstari ulioondoka, kwa rangi nyekundu, usije ukapitwa.

Nikakimbilia .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git iyapuuze. Haikufanya lolote, kwa sababu inahusu mafaili ambayo Git bado haijaanza kuyafuatilia. Lililokwisha ingia limeingia.

Mwisho nikatumia git filter-repo, ambayo inaandika historia upya kana kwamba faili halikuwahi kuwepo. Inafanya kazi, ila kila komiti kuanzia pale faili lilipoingia inapata namba mpya, inabidi usukume kwa nguvu ili historia mpya ifute ya zamani kwenye repo, na aliyekwisha nakili repo yako anabaki na nakala yake kama kawaida. Hata baada ya hapo, komiti ya zamani iliendelea kufunguka kwa yeyote mwenye ile namba yake ya herufi arobaini, mpaka nilipowaandikia wenye huduma inayohifadhi repo waisafishe upande wao. Siku tatu nimekaa kwenye hiyo kazi. Kwenye noti nyingine kulikuwa na neno la siri la barua pepe, na hilo lilinichukua dakika mbili: nikalibadilisha, likawa takataka. Ile ya redio sijapata mahali pa kuibadilisha. Tunasalimiana, naye anaongea kidogo siku hizi. Utadhani ningefurahi.

Kwa hiyo nakuomba, folda mbili. Folda unayoandikia isiwe ndiyo folda unayochapishia. Ya kuandikia inabaki kwako, haiunganishwi na repo yoyote ya wazi. Ya kuchapishia inaanza tupu, na noti inaingia humo kwa sababu umeiita kwa jina. Mimi nina skripti fupi, yaani programu ndogo, inayonakili zile tu zenye mstari chapisha: ndiyo. Nikisahau huo mstari, noti inabaki nyumbani. Kwenye mpango wako wewe ukisahau draft: true, Hugo inachukulia noti iko tayari na inaichapisha. Noti mia nne, mkuu. Utasahau.

Unaweza kusema utaifanya repo iwe ya siri, yaishe. Afadhali, lakini siku utakapotaka kumwonyesha mtu ulivyojenga tovuti utaifungua, na historia yote itafunguka nayo. Najua ninachosema. Halafu kuna folda ya public kwenye mashine yako, ambamo Hugo inaweka tovuti iliyojengwa: ukijenga mara moja na -D, inayoiambia Hugo ijumuishe rasimu, ili uone zinavyokaa, kisha ukajenga tena bila -D, Hugo haifuti ilichokwisha weka mle. Rasimu zinabaki, na ukipandisha ile folda kwa mkono zinaenda nazo. Ifute kwanza kila mara.

Na viungo! Hata baada ya folda mbili nilivuja tena. Kama unaandikia Obsidian, programu ya kuandikia noti, utakuwa na viungo vya mabano mraba mawili mawili, ambavyo Hugo haivielewi, inaviacha kama maandishi. Noti yangu safi kabisa kuhusu kupanga muda ilikwenda hewani ikiwa na mstari wa mwisho: "Angalia pia [[Barua ya kuacha kazi]]". Noti yenyewe haikuchapishwa. Jina lake lilitosha. Sasa skripti inakataa noti yoyote yenye kiungo cha kwenda kwa isiyochapishwa, inanipigia kelele mpaka nirekebishe.

Kihariri, chochote. Markdown ni maandishi matupu tangu John Gruber alipoitoa 2004, hata kile kihariri kilichokuja na kompyuta yako kitaifungua. Ila majina ya mafaili andika kwa herufi ndogo bila nafasi, maana Windows na Mac kwa kawaida huona Noti.md na noti.md ni kitu kimoja, seva ya Linux inaona viwili, na viungo vilivyokuwa vinafanya kazi kwako vitavunjika hewani.

Muonekano, chagua wowote usiokuwa na "Hariri ukurasa huu". Au uwe nacho, lakini ujue kinampeleka mtu wapi.

Kulikuwa na swali jingine ulilouliza, limenitoka. Jibu langu kwanza: hiyo folda umeshaisukuma, au bado?