Niondoe themostati na plastiki ya chini ili injini ipoe?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Gari langu ni la petroli, injini ya lita 1.8, na limeshapita miaka kumi. Msimu huu wa joto, nikifungua boneti baada ya safari napigwa na joto kama la tanuri. Betri imekufa kabla haijamaliza miaka miwili, na plastiki nyingi zimekauka, ukizigusa zinakatika. Mshale wa joto hukaa katikati, ila kwenye foleni ndefu nikiwa nimewasha AC unapanda kidogo, kisha gari likitembea unarudi. Rafiki yangu ananishauri mambo matatu: niweke washa (vile vipete bapa vya chuma vya kwenye bolti) kwenye bawaba za boneti ili inyanyuke kwa nyuma joto litoke, niondoe plastiki iliyo chini ya injini, na niondoe themostati. Nifanye lipi?

JIBU: Ndugu yangu, kwa sasa usifanye hata moja. Najua ushauri huo unaaminika sana, na mimi mwenyewe nilipokuwa kijana wa gereji nimeshang'oa themostati nyingi tu (ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda rejeta kulingana na joto) nikidhani nawasaidia watu.

Tuanze na joto lenyewe. Kwa hesabu ya juu juu, theluthi moja ya nguvu iliyomo kwenye petroli hutoka na moshi wa ekzosi, karibu theluthi nyingine hubebwa na maji ya rejeta, na inayobaki ndiyo inayolisukuma gari. Sasa, lile joto la rejeta linakwenda wapi? Hewa ya mbele hupita kwenye rejeta, hulibeba, na kuingia nalo chini ya boneti. Rejeta inaipoza injini kwa kukipasha moto chumba cha injini. Kwa hiyo humo ndani hapatakuwa baridi hata gari likiwa jipya, na kupigwa na joto usoni ukifungua boneti si ugonjwa. Linalotakiwa ni kwamba hewa yote inayoingia mbele ipite kwenye rejeta, na ikishapita ipate njia ya kutokea.

Njia yenyewe ya kutokea iko chini, upande wa nyuma wa injini, karibu na ukuta unaoitenga na abiria. Gari likitembea, hewa ya pale chini huwa na mgandamizo mdogo, kwa hiyo hewa moto inavutwa kutoka. Hapo ndipo plastiki yako ya chini inapofanya kazi. Watu wengi wanadhani ni ya kuzuia matope tu. Ukiivua, hewa inayopita chini ya bampa inapanda juu na kujaa chumbani, na ile ya mbele inayotaka kupenya rejeta inakuta chumba kimeshajaa. Nimeona magari yakianza kupandisha joto barabara kuu wiki moja tu baada ya plastiki hiyo kung'olewa wakati wa kumwaga oili na kuachwa kwenye kona ya gereji. Kama yako imevunjika au vibanio vimepotea, irudishe. Kama gari lilitoka kiwandani bila plastiki hiyo, basi liliundwa hivyo na huna haja ya kuitafuta.

Washa za boneti zina mantiki nusu. Gari likiwa limesimama, joto hupanda, na kweli litatoka kwa nyuma. Lakini likishika mwendo, hewa inayopanda juu ya boneti inagonga kioo cha mbele na kurundikana pale chini yake. Ndiyo maana watengenezaji huweka pale tundu la kuingizia hewa ya abiria. Ukinyanyua boneti sehemu hiyo, unafungua mlango mahali ambapo hewa inasukuma kuingia, na unaziba ule mvuto wa kutokea chini. Kwenye foleni nako, joto na harufu ya injini vinavyotoka hapo vinanyonywa moja kwa moja na tundu hilo hadi puani mwako. Na mvua ikinyesha, maji yanamwagikia koili na soketi za umeme.

Themostati ndiyo inayonisikitisha zaidi. Kwa kawaida huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 95 za selsiasi, kutegemea injini. Maji yakilipita joto hilo kwa nyuzi kadhaa inakuwa wazi kabisa, haizuii kitu cha maana. Ukiiondoa, injini inakaa baridi kupita kiasi kwenye mwendo mrefu, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa na kuongeza petroli, na oili inachafuka mapema. Kuna na hili ambalo wengi hawalijui: kwenye injini nyingi, themostati inapofunguka kuelekea rejeta, upande wake wa pili unaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini. Ukishaitoa, njia hiyo inabaki wazi daima. Sehemu ya maji moto inazunguka humo humo bila kuiona rejeta, na gari linachemsha kwenye foleni kuliko mwanzo. Ukiishuku, itoe uitumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uyapashe, utazame inafunguka kwa nyuzi ngapi na inafunguka kiasi gani. Isipofunguka vizuri, weka mpya yenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye ya zamani.

Sasa tuje kwenye gari lako, maana swali lako limeshabeba nusu ya jibu. Umesema joto linapanda foleni na linashuka gari likitembea. Hiyo ni dalili ya upungufu wa hewa. Lingekuwa linapanda kwenye mwendo mkali au mlimani na kutulia ukipunguza, ningekwambia tatizo ni maji: rejeta imeziba ndani, pampu imechoka au maji yamepungua. Kwenye foleni hewa yote inaletwa na feni, basi tuanze na feni.

Washa gari, washa AC, subiri kidogo. Kwenye magari mengi yenye feni mbili za umeme zote zinatakiwa zizunguke. Usiridhike na kuziona zinazunguka. Chukua karatasi ya kawaida uiachie mbele ya grili: ikivutwa na kuganda pale, feni inanyonya. Ikianguka, kuna jambo. Mota inaweza kuwa imechoka, inazunguka lakini haina nguvu. Au inazunguka kinyume. Usicheke. Mota za namna hii ukigeuza waya mbili zinageuka nazo, na gari moja lililetwa kwangu limeshabadilishiwa rejeta, pampu na mfuniko, kumbe feni iliyofungwa kabla ya hapo ilikuwa inapuliza hewa mbele, ikipigana na upepo. Karatasi ilisema ukweli kwa dakika moja.

Kisha tazama kava la feni, lile plastiki pana linaloizunguka. Bila kava, feni inavuta hewa kwenye duara lililo mbele yake tu na pembe zote za rejeta zinabaki zimelala. Likiwa na ufa mkubwa au limekatwa, feni inanyonya hewa moto ya humo humo chumbani.

Tazama pia sponji na mipira inayoziba mwanya kati ya rejeta na fremu ya mbele. Hili ndilo ninalolikuta mara nyingi kwenye magari yaliyowahi kugonga. Bampa linarudishwa, rangi inapigwa mpaka inang'aa, lakini zile sponji hakuna anayezikumbuka. Hewa kama maji inafuata njia rahisi: kukiwa na mwanya pembeni itapita hapo badala ya kusukumana na mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba vinavyotoa joto. Na gari likisimama, hewa iliyokwisha kupashwa inarudi mbele kupitia mwanya ule ule na kunyonywa tena ikiwa moto. Sponji ngumu inayovumilia joto, ikikatwa vizuri na kubanwa, inatosha.

Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, yaani rejeta yake ya kupozea gesi, na kati ya hizo mbili ndipo uchafu unapojificha: vumbi, wadudu, majani, wakati mwingine nyuzi nyuzi kama pamba. Kwa mbele unaona kondensa safi, unajidanganya. Mulika na tochi kutokea juu. Kusafisha, injini iwe imepoa, maji yasiwe na presha kali, na uyapige kutokea upande wa injini kwenda mbele ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya presha ukiisogeza karibu inalaza mapezi, na pezi lililolala limeziba kama udongo tu. Na kama umefunga taa za ziada au chuma kipana mbele ya grili, fikiria upya. AC yako inapowaka, kondensa inaitupia rejeta joto la ziada, ndiyo maana unaona mshale ukipanda wakati huo hasa.

Mshale wenyewe usiuamini sana. Magari mengi ya sasa yameufanya utulie katikati kwa makusudi hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, ili dereva asihangaike. Ukiuona unasogea, ujue joto limeshasogea sana. Nunua kile kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari kinachounganishwa na simu, utaona namba halisi. Kwenye mwendo tulivu, injini nyingi hukaa kati ya nyuzi 85 na 100. Kwenye foleni itapanda mpaka feni ishike, kisha ishuke. Kupanda na kushuka huko ndiko afya. Ikivuka 110 na bado inapanda, zima AC, fungua hita ya ndani mpaka mwisho (utateseka, lakini inavuta joto), tafuta pa kusimama. Usimwagie injini maji baridi. Chuma chenye moto kikipoa ghafla upande mmoja kinapasuka au kupinda.

Maji nitayagusa kwa ufupi. Tumia kulanti (maji maalumu ya rejeta) inayotajwa kwenye kitabu cha gari, usichanganye aina kwa kufuata rangi. Mfuniko wa rejeta ni kitu kidogo chenye kazi kubwa: unabana mfumo kwa presha, na maji matupu yanayochemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari yanafika karibu 119 kabla ya kuchemka yakibanwa kwa baa 0.9. Mpira wake ukikauka faida hiyo yote inapotea. Usiufungue injini ikiwa moto, hata kama una kitambaa.

Nije kwenye betri na plastiki zako. Hizo hasa zinaumia baada ya kuzima. Injini ikizimwa, pampu inasimama, upepo hakuna, lakini chuma bado kina joto lote. Linahama taratibu kwenda kwenye kila kilicho karibu, na kwa dakika kumi mpaka ishirini chumba cha injini kinakuwa cha moto kuliko ulipokuwa unaendesha. Kwa hiyo swali ambalo hukuliuliza lina jibu zuri: ndiyo, ukifika mahali salama, pandisha boneti kwa dakika hizo. Ni bure na inasaidia. Feni ikiendelea kuzunguka baada ya kuzima, iache, kwenye baadhi ya magari ndivyo ilivyo. Ukitoka kupanda mlima au mwendo mkali, iache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, hasa gari likiwa na tabo (kile kifaa kinachozungushwa na moshi kusukuma hewa zaidi ndani ya injini).

Betri ya asidi, kwa kanuni ya mafundi, hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za ziada inazoishi nazo. Watengenezaji wengi huivalisha boksi la plastiki au koti la kitambaa. Koti hilo hutupwa siku ya kwanza betri inapobadilishwa kwa sababu jipya halitoshi au fundi ana haraka. Angalia kama lako lipo. Angalia pia volti injini ikiwaka: ikizidi 14.8 muda wote, basi inayoiua si joto peke yake.

Mwisho, kagua bati la kukinga joto juu ya manifoldi ya ekzosi, yale mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini. Likianza kupiga kelele, watu hulitupa, na kuanzia siku hiyo nyaya na hozi zinaota moto mchana kutwa. Bolti ikikatika weka nyingine. Sipendi kuzungushia manifoldi kitambaa cha kuzuia joto kwenye gari la kawaida. Kinashika maji, na chuma chini yake kinaoza bila wewe kuona. Hakikisha pia lile bomba la kuvutia hewa linafika mbele kabisa ya gari. Injini ikivuta hewa ya nyuzi 65 ya chini ya boneti badala ya ya nyuzi 35 ya nje, inapata hewa pungufu kwa karibu asilimia 9, nawe utaisikia gari nzito kwenye kilima.

Ukimaliza hayo, simama na AC ikiwaka kwa dakika ishirini ukitazama namba. Ikibaki inapanda bila kushuka na feni zote zinavuta, pitisha kidole taratibu kwenye mapezi ya rejeta, injini ikiwa imepoa na funguo ziko mfukoni. Yakipukutika kama majani makavu, rejeta hiyo haioshwi, inabadilishwa.