Asili ya Neno "Busu": Maswali na Majibu

Swali: Je, "busu" ni neno la Kibantu?

Jibu: La. Asili yake ni Kiajemi, ambamo kubusu ni "busidan" na tendo lenyewe huitwa "buse". Kutoka huko liliingia katika Kiarabu cha mazungumzo, nacho ndicho kilichotufikishia pwani ya Afrika Mashariki. Umbo la kitenzi linaonyesha ugeni huo, kwa kuwa vitenzi vya Kibantu kwa kawaida huishia na "a", kama "soma" na "cheka", ilhali "busu" limebaki na "u" yake kama "jibu" na "hukumu".

Swali: Kiarabu cha vitabuni kina "qubla" kwa maana hiyo hiyo. Mbona hatukulichukua hilo?

Jibu: Swali hili lanifurahisha, kwani ndugu zake "qubla" tunao tele. Mzizi wake, wenye wazo la kuelekeana na kupokea, umetupa "kibla", "kabla", "kabili" na "kubali", lakini si jina la tendo hili. Naamini sababu ni kwamba maneno ya mapenzi na ya heshima hayaji kwa njia ya vitabu. Hupokewa kutoka vinywani mwa watu wanaoamkiana, wanaooana na kulea watoto pamoja, na watu hao walisema "busa".

Swali: Je, halikutokana na "beijo" la Kireno?

Jibu: Hapana. "Beijo" ni mtoto wa "basium" la Kilatini, pamoja na "bacio" la Kiitalia na "beso" la Kihispania. Wareno walituachia "meza", "leso" na "bendera", si "busu".

Swali: Ni aibu kulitamka mbele ya wazazi?

Jibu: Hata kidogo. Tunabusu mkono wa mzee kwa heshima, mzazi hubusu paji la mwanawe, na mahujaji hubusu Jiwe Jeusi la Al-Kaaba. Mapenzi ya wawili ni sehemu tu ya maana yake. Linalohitaji hadhari ni "denda" la mitaani nchini Tanzania, lenye udugu na "udenda", yaani mate yanayochuruzika mdomoni, kwa kuwa hilo ni la midomo ya wapenzi peke yao, na kulitumia kwa mkono wa mama ni kumvunjia heshima.

Swali: Tuandike "kubusana" au "kubusiana"?

Jibu: Andika "kubusiana", kama vile "salimu" huzaa "salimiana".