Muulize Mtendaji: Bibi analea, baba yuko safarini

SWALI

Mama Mtendaji, habari za kustaafu? Mimi nina miaka 68, nauza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi. Nalea wajukuu wawili wa marehemu binti yangu. Mkubwa yuko darasa la tano, mdogo atatimiza miaka mitano mwezi wa nne. Baba yao yu hai, anaendesha lori la Tunduma, na kila akipita mjini watu wananiambia wamemwona.

Mdogo hana cheti cha kuzaliwa. Kuna ofisi nimeenda mara nne: mara mhusika yuko kikaoni, mara muhuri umefungiwa kabatini, mara niandike barua, na barua nilipoipeleka hakuna aliyeiona tena. Siku walipoorodhesha kaya za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nilikuwa sokoni. Juzi mkubwa karudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa chakula. Nilipolalamika, kijana mmoja pale ofisini akaniambia serikali si mama mzazi. Naomba unieleze: kuna kitu ninachostahili, au mimi ni ombaomba tu?

Bibi wa wawili, Moshi

JIBU

Shikamoo bibi. Mimi nina 62, kwa hiyo bado ni wajibu wangu kukuamkia.

Huyo kijana amesema kweli nusu. Serikali si mama mzazi, lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, imeitwika halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake, na kuwa na rejista ya watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi zaidi. Ikifika kwenye kuwasaidia, sheria hiyohiyo inasema wasaidiwe pale inapowezekana. Neno hilo limenisumbua miaka yote niliyokaa kwenye kiti cha mtendaji wa kata. Bajeti ikikauka, haiwezekani. Gari likikosa mafuta, haiwezekani. Ila kuandikwa kwenye rejista hakukuwekewa "inapowezekana". Kwa hiyo ukienda safari ya tano usianze na habari ya msaada. Mtafute afisa ustawi wa jamii (kata ikiwa haina, yuko manispaa) umuulize: "Wajukuu wangu wameandikwa?" Hapo atajibu ndiyo au hapana, na akijibu hapana itabidi afungue daftari mbele yako.

Lakini kabla ya hapo, cheti, maana mwezi wa nne hauko mbali. Mtoto wa chini ya miaka mitano anasajiliwa bure na kupewa cheti chake ofisi ya kata au kituo cha afya. Akishavuka mitano unaingia njia nyingine, ya wilayani, yenye ada na vielelezo vingi zaidi. Chukua kadi ya kliniki, na cheti cha kifo cha binti yako kama unacho.

Hiyo kadi itunze. Aliwahi kuja mezani kwangu mama mmoja na kadi iliyokaa kwenye begi la shule pamoja na chupa ya maji isiyofunga vizuri. Palipoandikwa tarehe ya kuzaliwa pamebaki doa la bluu. Kilichotuokoa ni ukurasa wa chanjo: nesi aliona tarehe ya chanjo ya surua, ile ya miezi tisa, akahesabu kurudi nyuma, ndipo tukajua pa kutafuta kwenye kitabu cha wodi ya wazazi. Tulipoteza wiki tatu. Yako itie kwenye mfuko wa nailoni wa mkate, piga fundo.

Sasa huyu baba. Lori halimwondolei mtu ubaba. Chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu ya watoto hao ni deni lake kisheria. Afisa ustawi wa jamii atamwita kwa barua mkae mzungumze, na mkikubaliana kiasi kinaandikwa, mnasaini. Asipotokea, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto, na si lazima mwombaji awe mama mzazi. Wewe unayekaa nao unaruhusiwa kuomba. Mahakama itaangalia kipato chake. (Sheria ya zamani, ambayo hii ya 2009 iliifuta, ilikuwa imeweka shilingi 100 kwa mwezi. Leo hainunui hata kitumbua.) Nenda na namba yake ya simu, namba ya lori kama kuna anayeijua, na jina la tajiri wake. Hilo la tajiri usilisahau. Nimeona wanaume waliopuuza barua tatu wakaja wenyewe, wamechomekea shati, siku tajiri alipopigiwa simu.

Kuhusu shule: elimu ya msingi haina ada, na mchango wa chakula ni makubaliano ya wazazi, mtoto harudishwi nyumbani kwa ajili yake. Mwone mwalimu mkuu, akishindikana mwone afisa elimu kata. Ila nenda kwa upole. Mwalimu naye ana sufuria la makande la watoto mamia, na mahindi hayaletwi na waraka. Kama debe la mahindi ni rahisi kwako kuliko hela, mwambie. Huenda akalipokea kwa mikono miwili.

TASAF haiombwi dirishani. Majina ya kaya yanatajwa kwenye mkutano wa hadhara, majirani wakisikia, na asiyekuwepo ni rahisi kusahauliwa. Mkutano wa mtaa ukitangazwa, mwachie jirani meza yako. Na ukifika usikae nyuma na wazee wenzako mkaishia kusikiliza habari za taka na mitaro. Simama utaje watoto wako, hata kama ajenda ya siku hiyo ni mitaro kweli.

Najua kuna atakayekushauri uingie kikundi cha mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo wanawake wana fungu la asilimia 4. Haina riba, lakini mkopo ni mkopo, na wenzio wakikimbia unabaki nao. Mimi katika hali yako ningeuacha kwanza.

Imebaki ile barua iliyopotea. Andika nyingine, nakala mbili. Moja waachie, ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, uondoke nayo. Wakikwambia muhuri uko kabatini, usirudi nyumbani. Kaa kwenye benchi la mlangoni, kikapu chako miguuni. Ufunguo wa kabati kama hilo nimewahi kuushika mimi, bibi. Ukianza kukaa pale saa mbili asubuhi, kufika saa nne utakuwa umeonekana.