Mkate Uliolala Bado Una Maji

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwa uchungu kwamba chenga za mkate alizotengeneza kwa kunifuata mimi, akazitia viungo vya Kitaliano na kuzifunga kwenye chupa, ziliota ukungu hata kabla ya siku sita kupita. Ujumbe wake ulinirudisha Malindi, mji ambao muuza matunda hutaja bei kwa Kitaliano bila kusita, katika jiko la hoteli moja ambako mpishi mkuu alizimwaga chenga zangu kwenye pipa la taka mbele ya wenzangu, wala hakunieleza kosa langu. Nilikuwa nimejivunia kazi ile asubuhi nzima. Sijamsamehe vizuri hadi leo, ingawa najua kuwa zilistahili kumwagwa.

Kosa langu na la msomaji wangu ni moja: tulidhani mkate mgumu ni mkate mkavu. Mkate unapolala, wanga uliomo hujipanga upya na kukakamaa, huku maji mengi yakiwa bado yamo ndani. Kwa hiyo boflo la juzi, hata likiumiza ufizi, lazima likaushwe. Mimi hulikata vipande vidogo, nikavitandaza kwenye sinia bila kuvipandanisha, nikaviweka kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa nusu saa au zaidi, kisha nikaviacha vipoe kabisa. Kipande kilichokauka huvunjika kwa mlio. Kinachopinda kwanza kirudi ndani. Mkate wa kukatwa wenye sukari uangalie sana, kwa kuwa hugeuka rangi nje kabla ya kukauka ndani. Ukiona ukungu, usikwangue. Tupa mkate wote. Juu ya kutwanga sina la kuongeza, kinu kinatosha.

Kwa vikombe 2 vya chenga mimi hutia kijiko cha chai 1 cha oregano, 1 cha majani ya mrehani, 2 vya parsley, nusu kijiko cha kitunguu saumu cha unga, nusu cha chumvi na pilipili manga kidogo. Majani yote yawe yamekaushwa, na yatiwe baada ya oveni, kwani yakiungua huwa machungu. Msomaji wangu alitia kitunguu saumu kibichi na jibini iliyokunwa, yaani aliyakaribisha maji kwenye chupa kwa mkono wake mwenyewe. Jibini ya Parmigiano huingia siku ya kupika tu.

Linalonichekesha ni kwamba nchini Italia kwenyewe chenga hizi, ziitwazo pangrattato, kwa kawaida huwa hazina viungo. Za boksi zilizokwisha kuungwa ni mazoea ya Marekani zaidi. Na kule Sicily, wasiomudu jibini walizikaanga kwa mafuta ya zeituni wakazinyunyiza juu ya tambi. Kilikuwa chakula cha maskini, ndugu zangu, nasi tunaona haya kuweka mkate wa jana, tunautupa, kisha tunakwenda dukani kununua boksi! Hiyo ni haya ya namna gani?

Jana nilichovya minofu ya nguru kwenye unga, kisha yai, kisha chenga za chupa niliyoijaza wiki tatu zilizopita, na zilimiminika kama mchanga wa kiangazi. Msomaji wangu nimempelekea picha. Mpishi mkuu yule ningempelekea pia, kama ningejua anakoishi.