Fungua kalenda mbili, usitegemee rangi

Ndugu, kama unataka wageni wa tovuti waone matukio ya wazi tu na wanachama waone yote, usiishie kuyatofautisha kwa rangi. Asiyetofautisha nyekundu na kijani hataambulia kitu. Andika kabisa: "Kwa wote" au "Wanachama tu". Ila lebo hailindi siri. Hata alama ya CLASS:PRIVATE (yaani "binafsi") kwenye faili la iCalendar, muundo wa kubadilishana kalenda uliowekwa na kiwango cha RFC 5545 cha mwaka 2009, inaeleza tu nia ya mwenye kalenda, na usipoiweka tukio linahesabiwa la wazi. Fungua kalenda mbili, ya wote na ya wanachama, kisha chapisha ile ya wote tu. Kuficha kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, usijaribu kabisa: mtu akifungua msimbo wa ukurasa anasoma "Kikao cha nidhamu, saa 10 jioni" bila hata nywila.