Kabla Hujanunua Jarida la Kushona Viraka

Akina dada mnaoshona nyumbani na mafundi wenzangu wa hapa Mwanza, swali la majarida ya nje ya mablanketi ya viraka linanifikia mara nyingi: yanafaa kununuliwa au ni kutupa hela? Mimi nasema nunua moja au mawili, tena ya zamani. Ya kulipia mwaka mzima, achana nayo.

Jarida jipya la Marekani au Uingereza, ukijumlisha na gharama ya kulifikisha huku, linakaribia bei ya pisi ya kitenge cha kawaida. Na pisi ni yadi 6, blanketi la mtoto linatoka na chenji ya vitambaa inabaki. Kwa hiyo lazima jarida likupe kitu ambacho kitenge hakikupi. Picha nzuri si hicho kitu, maana picha zimejaa kwenye simu bure. Unachonunua ni vipimo.

Chukua pambo rahisi kuliko yote, lile la viraka tisa, Nine Patch. Unataka likishashonwa liwe inchi 6 kila upande. Mtu atasema basi kila kiraka inchi 2. Ukikata hivyo utapata inchi 4 na nusu, kwa sababu mshono unakula robo inchi kila upande wa kiraka. Unakata inchi 2 na nusu. Ukija kwenye pembetatu mbili zinazounda mraba mmoja, unaongeza 7/8 ya inchi kwenye kipimo cha mraba uliokusudia kabla hujaukata kwa mshazari. Sisi wa nguo tumezoea kuacha nafasi ya kutosha pembeni ili gauni liweze kuachiwa mteja akinenepa. Kwenye viraka mkono huo haufai. Robo inchi ikiyumba kidogo tu kwenye kila kiraka, ukifika safu ya kumi kona hazikutani, na pasi haiwezi kuzivuta. Jarida linaloeleza haya hatua kwa hatua, kwa michoro, lina thamani yake. Jarida lenye picha ya kitanda kilichopambwa na aya mbili za maelezo, lirudishe mezani.

Hesabu hizi hazichakai, ndiyo maana nasisitiza ya zamani. Quilter's Newsletter, jarida aliloanzisha Bonnie Leman kule Colorado mwaka 1969, lilisimama kuchapishwa 2016, lakini pateni zake zinashoneka leo vilevile. Ukikutana na nakala kwenye vitabu vya mitumba, fungua kwanza kurasa za pateni uone kama hazijachanwa. Kilichochakaa kwenye majarida ya zamani ni rangi za wakati ule, na rangi utachagua mwenyewe.

Ukinunua la kusomea kwenye simu, jihadhari ukipeleka pateni steshenari kuchapwa. Karatasi ya Wamarekani ni pana kidogo kuliko A4 yetu, upana wake milimita 216 na wa A4 ni 210, na printa ikiachwa ijipangie itapunguza mchoro ili uenee. Mwambie kijana achape kwa asilimia 100, kisha weka rula juu ya kile kimraba cha kupimia cha inchi 1 kilichochorwa pamoja na pateni. Kikipungua hata kidogo, mwambie achape upya kabla hujalipa.

Kuna jambo ambalo majarida haya hayatakuambia. Wanaoyaandika wanafikiria vitambaa vya maua madogo madogo, vinavyouzwa vipande vya inchi 18 kwa 22. Kitenge chetu kina ndege mzima, au ua lililoenea kama sahani. Ukilikata inchi 2 na nusu, unabaki na ukucha wa ndege na kipande cha jani. Kwa hiyo tafuta pateni zenye viraka vikubwa, inchi 8 na kuendelea, na viraka vidogo uviache kwa vitambaa vya rangi moja au vya madoa. Fua kila kitenge kivyake kwanza, hasa chekundu na cha buluu iliyokolea. Na ile pamba nene wanayosema iwekwe katikati, kati ya viraka vya juu na kitambaa cha chini, ni ya nchi za baridi kali. Hapa ziwani, bitana na blanketi jepesi lililozeeka vinatosha kabisa, hata kwa asubuhi za Juni na Julai.

Kama mko watatu wanne mnaoshona mtaa mmoja, iwe Kirumba au Nyegezi, changeni mnunue moja. Likae kwa yule asiyeazimisha ovyo. Pateni msizikate kwenye jarida. Zichorwe kwenye boksi gumu, kila mmoja awe na seti yake, na kila kipande kiandikwe kama robo inchi ya mshono imo au haimo.