Andorra haikuombi viza, ila njia ya kuifikia inakuomba

ULIZA SAFARI, na Bi Safari

Barua za miezi hii zimejaa jina moja: Andorra. Kuna video inazunguka kwenye simu za watu, kijana kasimama kwenye theluji anasema nchi hiyo ya Ulaya haina viza kwa Mwafrika. Nimechagua barua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

*Shikamoo Bi Safari. Mimi ni mwalimu wa chuo, niko Morogoro. Mwezi wa pili naenda Barcelona kwenye mkutano, na viza ya Hispania nimeshapata. Rafiki yangu ananiambia jirani na hapo ipo Andorra, Mtanzania anaingia bila viza. Nataka nipande basi nikaone theluji, nilale usiku mmoja, kisha nirudi Barcelona kupanda ndege ya nyumbani. Kuna tatizo? Na je, mdogo wangu asiye na viza yoyote anaweza kukata tiketi moja kwa moja hadi Andorra tukakutana huko?*
— Mwalimu, Morogoro

Marahaba, mwalimu. Kabla hatujaendelea, chukua pasipoti yako, fungua ukurasa wenye stika ya viza, utafute sehemu ya idadi ya kuingia. Utakuta kumeandikwa 01, au 02, au MULT, yaani mara moja, mara mbili au mara nyingi. Jibu la swali lako la kwanza liko hapo, halipo kwenye video ya mtu.

Kama ni 01, Andorra iache. Rafiki yako hakudanganya: mtalii haombwi viza ya Andorra, awe Mtanzania au Mjapani, na anaruhusiwa kukaa hadi siku 90. Ila Andorra haimo katika eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na kuachiana mipaka wazi, Hispania na Ufaransa zikiwemo. Ni kijinchi cha kilomita za mraba 468, kama nusu ya Pemba, kimebanwa milimani kati ya Hispania na Ufaransa. Ni kama chumba cha uani: mwenye chumba hana neno nawe, lakini huwezi kukifikia bila kupita kwenye ukumbi wa mwenye nyumba, na kutoka ni hapo hapo. Ukivuka kuingia Andorra umetoka Schengen. Viza yako ya kuingia mara moja imeshatumika. Unapotaka kurudi Barcelona kupanda ndege, kisheria unaingia Schengen mara ya pili, na hiyo mara ya pili huna.

Najua utakachoambiwa: "Mbona hawakagui?" Ni kweli, mara nyingi basi linapita pale mpakani La Farga de Moles bila mtu kuombwa hata kitambulisho. Mimi naishi Barcelona, njia hiyo naijua. Siku nyingine maafisa wanapanda ndani na kupita kiti kwa kiti. Nimeshuhudia mwanafunzi mmoja, kijana wa watu mpole, akigeuziwa pasipoti yake mwenyewe na kuoneshwa ile 01 kwa ncha ya kalamu. Aliteremshwa na mkoba wake, sisi tukaendelea na safari. Yaliyompata baada ya hapo siyajui, ila ndege yake ilikuwa jioni ile. Mwalimu mwenye mkutano na mwajiri anayemsubiri hachezi mchezo huo kwa ajili ya picha za theluji.

Kama ni 02 au MULT, nenda kwa amani. Hesabu tu zile siku ulizoruhusiwa kukaa, ambazo nazo zimeandikwa kwenye stika, uone kama mwisho wa viza unakutosha kurudi na kuondoka. Basi kutoka uwanja wa ndege wa Barcelona huchukua kama saa tatu na kitu. Kwa mwezi wa pili chagua upande huu wa Hispania. Upande wa Ufaransa barabara inapanda hadi Pas de la Casa, zaidi ya mita 2,000 juu, na theluji ikishuka vibaya njia hufungwa.

Sasa mdogo wako. Hapana, hawezi. Andorra haina uwanja wa ndege za abiria wala reli. Kuna uwanja unaoitwa Andorra–La Seu d'Urgell, na jina hilo linawapumbaza wengi, lakini uko ndani ya Hispania. Nilikaa dawati la tiketi miaka mingi kabla sijahamia huku, nikwambie jinsi mambo yanavyokwenda pale: mhudumu hatazami unakolala, anatazama ndege inapotua. Inatua Hispania au Ufaransa, basi anataka viza ya Schengen. Hana, hapandi. Kwa hiyo wakala yeyote anayemuuzia mdogo wako "kifurushi cha Andorra bila viza" kutoka Dar es Salaam anamwingiza mkenge, na akishalipa, kurudishiwa hela itakuwa hadithi nyingine.

*Bi Safari habari za siku. Mimi ni muuguzi, ni Mkenya, nafanya kazi Ujerumani na nina kibali cha ukaazi. Wenzangu wa wodini wanapanga kwenda Andorra kuteleza kwenye theluji. Wao ni Wajerumani, wanabeba vitambulisho tu. Mimi nahitaji nini? Kadi yangu inaisha mwezi ujao na nimeshaomba mpya.*
— Muuguzi, Stuttgart

Nzuri, dada. Ungekuwa na kadi hai, ningekujibu kwa sentensi moja: beba kadi na pasipoti, vyote viwili, uende na urudi. Kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen hakina idadi ya kuingia, kwa hiyo balaa la mwalimu wa Morogoro halikuhusu. Usiwaige wenzako wa kitambulisho. Kadi bila pasipoti haitoshi, hata kama mnapanda gari moja.

Kazi iko kwenye hiyo kadi inayoisha. Ofisi ya wageni ikichelewa itakupa ile karatasi ya kijani iitwayo Fiktionsbescheinigung. Usiikunje kuitia mfukoni kabla hujaisoma. Ndani kuna visanduku, na alama ya tiki iko kwenye kimoja. Kama tiki iko § 81 Abs. 4 (yaani kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani, fungu la 4), kibali chako cha zamani kinahesabika kuwa kinaendelea, na unaweza kutoka na kurudi ukiwa na karatasi hiyo, kadi iliyoisha na pasipoti. Kama iko § 81 Abs. 3, usitoke, maana karatasi hiyo inakuruhusu kusubiri ndani ya Ujerumani tu. Nimekutana na watu waliokaa na karatasi hiyo miezi bila kujua tiki yao iko wapi. Muulize afisa pale pale dirishani akuoneshe kwa kidole.

Na kwa kuwa unakwenda kuteleza: soma bima yako. Bima nyingi za safari zinaandika "nchi za Schengen" na kuishia hapo. Ukivunjika mguu Andorra umevunjikia nje ya Schengen, na nje ya Umoja wa Ulaya pia, hivyo ile kadi ya afya ya Ulaya haikusaidii. Tafuta bima inayoitaja Andorra kwa jina, na inayolipia kuteremshwa mlimani. Helikopta haiji bure.

*Asalaam aleikum Bi Safari. Sisi tuko Maskati. Mimi nina pasipoti ya Oman, mke wangu ni wa Unguja na bado ana pasipoti ya Tanzania, ila ana ukaazi wa hapa. Tumesikia watu wa Ghuba sasa wanaingia Ulaya bila viza. Tunataka kuwapeleka watoto Andorra kupitia Toulouse.*
— Baba Salma, Maskati

Waaleikum salaam, Baba Salma. Katika nchi za Ghuba wanaoingia Schengen bila viza ni wenye pasipoti ya Falme za Kiarabu peke yao, tangu 2015. Oman bado. Mlichopata, tangu Aprili 2024, ni nafuu kubwa nyingine: raia wa Oman, Bahrain na Saudi Arabia wanaoishi kwao wanaweza kupewa viza ya miaka mitano ya kuingia mara nyingi hata kama hawajawahi kuomba. Ukiwa na viza hiyo, kwako Andorra haitakuwa na shida.

Mama Salma yeye yuko kwenye foleni ya kawaida, kwani nafuu hiyo inafuata pasipoti, haifuati ukaazi. Anaombea hapo hapo Maskati kwa kuwa ni mkaazi halali, msimrudishe Dar bure. Kwa kuwa mnaingilia Toulouse na mnatokea Toulouse, ombi lenu ni la Ufaransa. Kwenye ratiba andikeni wazi kwamba mtavuka kwenda Andorra na kurudi, mkaambatanishe malazi ya huko, na muombe kuingia mara mbili au zaidi. Watu wanaificha Andorra wakidhani wanarahisisha mambo, halafu wanapewa 01 kama walivyoomba. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya miaka 6 hawalipi.

Umeniuliza pia, kwa maneno ya pembeni, ubalozi wa Andorra uko wapi Maskati. Haupo, na hauuhitaji. (Wakuu wa nchi hiyo wenyewe ni wawili, Rais wa Ufaransa na Askofu wa Urgell wa Hispania, na hakuna anayeishi huko.)

*Bi Safari, mie mzaliwa wa Mombasa, pasipoti yangu ya Uingereza. Nishakaa Hispania sana mwaka huu, siku 90 ninazoruhusiwa zakaribia kwisha. Nikihamia Andorra mwezi mmoja, siku za Schengen zasimama?*
— Mzee wa Leicester

Shikamoo mzee wangu. Zinasimama, kwa sababu siku ulizo Andorra hauhesabiwi kuwa ndani ya Schengen. Lakini ni juu yako kuthibitisha. Mpaka ule hawana mazoea ya kugonga muhuri, na kama hakuna kumbukumbu ya wewe kutoka, afisa wa uwanja wa ndege atachukulia ulikuwa ndani muda wote. Tangu Oktoba 2025 Schengen imeanza kuandikisha wanaoingia na kutoka kwa mashine, alama za vidole na picha ya uso, badala ya mihuri, na mashine haisikilizi maelezo. Omba mpakani kutoka kwako kuandikishwe, weka risiti za hoteli zenye tarehe na tiketi za basi kwenda na kurudi. Mimi ningekushauri usizile siku zote 90. Acha kama wiki hivi mkononi, kwani hata kutoka Andorra kwenda kupanda ndege kunakula siku ya Schengen.

Angalia na pasipoti yenyewe: siku unapoingia Schengen iwe haijatimiza miaka 10 tangu itolewe, na iwe na miezi mitatu mbele baada ya siku ya kuondoka. Zile pasipoti za Uingereza zilizoongezewa miezi juu ya ile miaka 10 zimewaacha wengi uwanjani.

*Ni kweli manukato na sigara ni bei ya kutupa? Naweza kubeba nikauze?*
— Mfanyabiashara, Paris

Bei ni nafuu kwa sababu kodi yao ya mauzo ni asilimia 4.5. Ukaguzi wa kuutarajia zaidi wakati wa kutoka ni wa forodha, kuliko hata wa uhamiaji. Sigara mwisho 300 kwa mtu mzima, pombe kali lita moja na nusu, bidhaa za viwandani kama simu mwisho euro 900, na manukato yana kipimo chake: gramu 75 za manukato yenyewe na mililita 375 za maji ya manukato. Zaidi ya hapo unatangaza na kulipa. Zote ni za matumizi yako. Za kuuza ni biashara, zina taratibu zake, na katoni kumi za manukato ya aina moja haziwezi kuitwa zawadi. Na uzime data ya simu kabla hujavuka: laini yako ya Ufaransa inaweza kuihesabu Andorra kuwa nje ya Umoja wa Ulaya, na bili inaweza kumeza faida yote ya manukato.